Waliozaliwa na Meno, na Waliofichwa

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumanne, niliingiza kidole cha mwisho katika kinywa cha mtoto wa kike aliyekuwa na umri wa dakika ishirini na mbili, nikang'atwa.

Dakika hizo ninazijua kwa kuwa niliziandika. Nimekuwa muuguzi katika zahanati za Matuga karibu maisha yangu yote ya kazi, na kila kinywa cha mtoto nilichokichungulia kimo katika daftari: siku, saa, kilichoonekana. Mgongo umenistaafisha kabla ya wakati. Sasa nakaa kwangu Tiwi, na daftari liko mezani mbele yangu. Nyinyi mnaoanza kazi hii mmeniomba niwaambie nilichojifunza. Nitaanza na kosa.

Kosa lenyewe si kung'atwa. Kosa ni kwamba nilifurahi kwa sauti.

"Ana meno!" nilisema, na kusema ni neno la heshima, kwa kweli nilipiga kelele. "Mawili! Wallahi ana meno mawili!"

Hadi siku hiyo nilikuwa nimewaona watoto wawili tu waliozaliwa na meno. Vitabu hukadiria mmoja katika kila watoto elfu mbili au elfu tatu, na zahanati ndogo kama yetu, karibu na Mkongani, huchukua miaka mingi kufikisha watoto elfu mbili. Huyu alikuwa wa tatu. Mama yake, Mejumaa, msichana wa miaka ishirini na moja, na huyu ndiye mwanawe wa kwanza, alinyanyua kichwa akatabasamu kwa sababu aliniona mimi natabasamu.

Upande wa pili wa pazia kulikuwa na benchi. Kwenye benchi alikaa mavyaa wake, Bi Mwanasha, mama wa mumewe, na chupa ya uji mapajani. Nikaisikia chupa ikiwekwa chini sakafuni. Polepole.

"Sista Riziki," akaita. "Nani huyo ana meno?"

Hapo ndipo nilipokumbuka niko wapi. Nyinyi wa mjini huenda hamjalisikia neno kigego likitamkwa kwa hofu. Kwa wazee wetu, mtoto ambaye meno yake yametangulia isivyostahili, ama yameanzia juu, ama amekuja nayo kutoka tumboni, huyo ni kigego, na nyumba aliyomo huandamwa na mikosi: baba hufa, mifugo hufa, visima hukauka. Siku hizi wengi hucheka wakilisikia. Bi Mwanasha hakucheka. Alifunua pazia, akamtazama mtoto kwa mbali, mkono mdomoni.

"Kigego," akasema. "Astaghfirullah. Katika ukoo wangu!"

"Bibi, ni meno tu. Yamewahi."

"Yamewahi wapi, mwanangu? Hata chakula hakijawahi!" Akamgeukia Mejumaa. "Mwana huyu haingii ua wangu mpaka atolewe ukigego wake. Nitamwita mganga Ijumaa. Ayang'oe meno hayo, amkoshe, amtenge na mikosi. La hutaki, basi chukua njia ya kwenu, wewe na mwanao."

Mejumaa alimfunika mtoto kwa leso, mpaka kichwani, kana kwamba jua limemchoma.

Mtoto wa dakika ishirini na tano tayari amefukuzwa kwao, na aliyemfukuzisha ni mimi na furaha yangu. Kwa hiyo andikeni hili kabla ya mengine yote: mkikuta jambo adimu, furahini kimyakimya. Mwambieni mama kwanza, kwa sauti ya kawaida, kama mnavyomwambia uzito.

*

Sikusomea vinywa. Nilisomea uuguzi wa cheti, na fomu yetu ya mtoto mchanga ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha mdomo. Unaweka alama, unasonga mbele. Mwaka wangu wa pili niliweka alama kwa mvulana mwenye midomo mizuri kama iliyochorwa. Siku ya tatu maziwa yakawa yanamtoka puani. Mkubwa wangu wa kazi wakati ule, Sista Agneta, mama wa bara aliyekuja pwani akakataa kurudi, alimlaza mtoto karibu na dirisha, akampanua kinywa, akaniita.

"Unaona nini?"

Niliona ufa. Kaakaa, ile dari laini ya nyuma ya kinywa, lilikuwa limepasuka katikati.

"Uliandika kawaida," akasema. "Wewe uliangalia mlango tu, nyumba hukuingia."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alinifundisha kumkalisha mtoto wima na kumnywesha maziwa ya mama yake kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, na mvulana akanenepa, akapelekwa kufanyiwa upasuaji alipotimiza umri. Mimi nilikwenda kuokota kitabu. Kilikuwa kwenye sanduku la vitu vya kuchomwa, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, na kilihusu vinywa vya watoto. Nilikisoma kwa kamusi kwa miaka miwili. Kurasa nne kwa juma, Jumapili nikirudia.

Njia niliyoitoa humo, nikaipunguza mpaka ikafaa zahanati isiyo na kitu, ni hii. Osha mikono, vaa glavu. Tazama kabla ya kugusa: mtoto akilia, mshukuru, maana amekufungulia. Tochi ya simu inatosha. Sisi tulitumia ya betri, na betri daima zilikuwa kwenye redio ya mlinzi. Kisha kidole cha mwisho, polepole, ufizi wa chini, ufizi wa juu, halafu kaakaa kutoka mbele hadi nyuma kabisa, pale ambapo kidole kinaogopa kwenda. Kaakaa la nyuma linaweza kupasuka chini ya ngozi nzima, na macho yasione. Mwisho, mwache anyonye kidole. Nguvu ya kunyonya inakwambia mengi kuliko fomu.

Mkifanya hivyo kwa kila mtoto, mtagundua jambo lililonisisimua mimi nusura niache kulala: mambo "adimu" hayana uadimu mmoja. Chembe nyeupe kwenye kaakaa, kama punje za mchele, karibu kila siku utaziona. Mama mmoja wa Tiwi aliniletea mtoto mbio, ameambiwa na jirani kwamba ni meno ya uongo, yakwanguliwe kwa sindano. Hazikwanguliwi. Zinaondoka zenyewe katika majuma machache, na nilimwonyesha daftari, kurasa na kurasa za punje za mchele, mpaka akachoka kufunua. Wenye kijinyama kifupi chini ya ulimi ni wengi pia, na wengi wao wananyonya vizuri. Anayenyonya vizuri na mama yake haumii, mwacheni na ulimi wake. Wenye mdomo uliopasuka ni wachache. Wenye ufa wa kaakaa peke yake, wachache zaidi. Na waliozaliwa na meno, hao nilikuwa nimewaona watatu tu.

Kila kimoja kina kiwango chake. Mwanzoni nilikuwa navichanganya vyote katika safu moja iliyoandikwa "kasoro". Nikaja nikaifuta hiyo safu kwa rula.

*

Turudi Jumanne. Baada ya Bi Mwanasha kuondoka nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kupiga kelele. Meno yalikuwa ya mbele, ufizi wa chini, mahali hasa ambapo meno ya kwanza huota kwa mtoto yeyote. Mara nyingi hayo ni meno yake ya utotoni yenyewe, yaliyokuja kabla ya miadi. Ukiyang'oa, pengo linabaki mpaka meno ya ukubwani. La kulia lilikuwa imara. La kushoto lilicheza. Jino linalocheza sana linaweza kutoka likamwingia mtoto kooni, na hilo ndilo la kuogopwa, si visima kukauka.

Nilipiga picha, kwa ruhusa ya mama, nikamtumia daktari wa meno Msambweni. Zamani ungeandika barua, ikafika mtoto ameshaanza kutambaa. Daktari alijibu kabla sijamaliza chai: nimlete Alhamisi, na je, amechomwa sindano ya vitamini K? Alikuwa amechomwa. Shikeni swali hilo. Mtoto wa siku chache damu yake haijajifunza kuganda vizuri, na anayemng'oa jino bila kuuliza anaweza kumuua kwa kitu kidogo kama punje ya kunde. Mganga wa Ijumaa asingeuliza.

Saa saba akaja baba, Hamisi, fundi muashi anayejenga nyumba za wageni Diani. Viatu vimejaa saruji. Alimchukua mtoto, akamfunua leso.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo hayo."

"Madogo." Akamfunika tena. "Sista, mimi siamini mambo hayo."

"Basi mwambie mamako."

"Mamangu?" Alicheka bila furaha. "Mamangu alinilea peke yake, baba alikufa nikiwa mchanga. Nikimwambia hapana, anakaa jikoni siku tatu bila kula. Mbuzi mweusi ameshamtafuta, kuku wawili wekundu, kaniki, na ada ya mganga ametaka kwangu. Kila kitu nimelipa mimi."

"Umelipa na huamini?"

"Nimelipa ili anyamaze."

Mejumaa aliongea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Akiletwa mganga, mie natoka na mwanangu. Si lazima unifuate." Hamisi alimtazama, akaangalia viatu vyake.

Niliandika jambo moja daftarini: *mama atahama Ijumaa*. Nikawaweka zahanati mpaka Alhamisi, kwa sababu ya jino linalocheza, ambayo ilikuwa kweli, na kwa sababu ya Ijumaa, ambayo sikuiandika.

*

Jumatano sikwenda kwa Bi Mesalimu kutafuta msaada. Nawaambia ukweli: nilikwenda kwa ajili ya hesabu. Alikuwa mkunga wa nyumbani wa eneo hilo kwa miaka mingi kabla serikali haijawaambia wakunga wa jadi wawasindikize akina mama zahanati badala ya kuwazalisha. Nilitaka kujua yeye aliona wangapi. Swali hilo lilinijia usiku, na sikujua kwa nini miaka yote sikuwahi kumwuliza.

Nilimkuta ukumbini anapukuchua mahindi, kuku wamemzunguka kama wanafunzi.

"Shikamoo, Bi Mesalimu."

"Marahaba. Umekuja kunipima sukari? Niko tamu, rudi."

"Nimekuja kuuliza. Katika kuzalisha kwako, uliwahi kuona mtoto amezaliwa na meno?"

Mikono yake ikasimama juu ya gunzi. "Nani amezaliwa na meno?"

"Sitaji jina la mgonjwa, bibi."

"Haya. Hakuna niliyemwona."

Nilimwambia mimi nimeona watatu, kwamba vitabu vinasema ni mmoja kwa maelfu, na kwamba nafikiri labda huku kwetu ni adimu zaidi. Akaanza kucheka, cheko la kifua, mpaka kuku wakasogea.

"Watatu! Na miaka yote hiyo na glavu zako! Wewe unahesabu wanaofika kwako, mwanangu. Mie nimewaona saba."

Nilishika mlango. Saba! Nilitoa daftari, kalamu ikaanguka, nikaokota, nikaanza kuuliza mbio mbio. Meno ya chini? Ya chini, wote. Imara? Wengine imara, wengine yakicheza. Katika watoto wangapi kwa jumla? Hapo akanitazama kama mimi ndiye niliyezaliwa jana.

"Nilikuwa nazalisha, sikuwa nachunga mbuzi. Nani alihesabu?"

Kwa hiyo nilikuwa na saba, na sikuwa na cha kuigawia. Saba katika mia tano ni jambo moja, saba katika elfu kumi ni jambo lingine. Lakini nilijua hakika kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye kitabu changu: kwamba mahali ambapo jambo linaogopwa, idadi yake katika daftari ni idadi ya waliokosa kufichwa.

"Kwa nini hukusema hata mmoja?"

"Nikisema, mtoto atakwenda wapi?" Akarudi kwenye gunzi lake. "Yaliyocheza niliyatoa, kwa pembe ya leso, mama amelala. Nikatupa chooni. Yaliyokuwa imara nilimwambia mama amfunike mdomo, asimpe mtu kumbeba mpaka meno ya wenzake yaote. Siri ya watu wawili."

"Kwa leso, bibi! Na damu?"

"Mmoja alitoka damu mpaka nikaweka nadhiri. Tangu hapo nikaogopa." Hakucheka. "Huyo wako ni wa wapi?"

Na mimi, muuguzi mwangalifu wa daftari na rula, nikajibu, "Ni huku huku kwenu, baba yake fundi wa Diani," kabla kichwa hakijaufikia ulimi. Ni kosa la pili. Limo daftarini pia.

Bi Mesalimu aliweka gunzi chini. "Mwana wa Hamisi. Wa Mwanasha."

Sikukubali, sikukataa. Akasimama, akakung'uta leso.

"Yule aliyetoka damu," akasema, "ndiye Hamisi mwenyewe."

*

Alhamisi saa mbili asubuhi Bi Mwanasha alifika zahanati kuhakikisha kwamba mtoto hapelekwi Msambweni bali anabaki kungoja Ijumaa. Alimkuta Bi Mesalimu kwenye benchi lile lile, amekaa katikati, hakuacha nafasi upande wowote. Hamisi alikuwa amesimama mlangoni amembeba mtoto. Mejumaa alikuwa nyuma ya pazia amekwisha kufunga mzigo wake.

Waliamkiana kwa kirefu, kama wanavyoamkiana watu walio tayari kugombana. Kisha Bi Mesalimu akasema, "Mwanasha, nina deni la maneno kwako. La miaka thelathini na miwili."

"Lipi?"

"Siku uliyojifungua ulizimia, wakumbuka? Ulipoamka ukaona damu kwenye leso ya mwanao, ukaniuliza. Nikakwambia ni ya kitovu."

"Nakumbuka."

"Haikuwa ya kitovu. Alikuja na jino. Nikalitoa."

Mtoto alipiga chafya. Bi Mwanasha alimtazama Bi Mesalimu, kisha mwanawe, akianzia viatu vya saruji akipanda juu, kana kwamba anamtafuta mtu mwingine ndani ya shati lile.

"Waongo," akasema. "Sista huyu amekulipa."

"Muuguzi? Ana nini cha kunilipa, daftari?"

"Na mume wangu alikufa mwaka ule ule!" Sauti yake ilipanda. "Waona? Alikufa!"

Hapo niliogopa. Nilidhani siri imegeuka ushahidi wa upande wa pili. Bi Mesalimu hakuogopa.

"Mumeo alikuwa anakohoa damu tangu kabla ya mimba, Mwanasha. Wewe ndiye uliyekuwa ukifua leso zake. Nilikuona kisimani."

Bi Mwanasha alikaa. Hapakuwa na nafasi, akakaa hivyo hivyo, nusu juu ya benchi, nusu juu ya paja la mwenziwe. Alikaa sana. Mimi nilihesabu, ni tabia: dakika nne. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa pia anacheka.

"Miaka thelathini na miwili," akasema. "Miaka thelathini na miwili naishi na kigego! Kigego ananiletea unga kila mwisho wa juma. Kigego ameniezekea nyumba kwa bati! Kisima cha mwaka jana, nani alikichimba?"

"Mimi, mama," akasema Hamisi.

"Na kilikauka?"

"Hakijakauka."

Alinyoosha mikono. "Mlete."

Mejumaa alitoka nyuma ya pazia na mzigo wake begani. Alisimama katikati ya mume wake na mavyaa wake, mtoto akabaki mikononi mwa Hamisi. "Na mganga?" akauliza.

"Mganga aje ameze jino langu nililobakiwa nalo," akasema Bi Mwanasha. "Mkazamwana, weka mzigo chini. Gari la Msambweni saa ngapi?"

*

Daktari aliliondoa jino la kushoto, dakika moja, pamba moja. La kulia aliliacha. Mejumaa alinyonyesha bila shida. Kwa wengine jino hukwaruza chini ya ulimi wa mtoto, mkiona kidonda hapo mrudisheni. Msichana yule sasa yuko chekechea. Ana pengo la upande wa kushoto, na bibi yake huwaambia watu kwamba mjukuu wake alikuja duniani na meno kama mtu mwenye akili.

Daftari langu likapata ukurasa mpya wenye safu mbili: walioonekana, na waliofichwa. Ya kwanza sasa inaweza kuhesabiwa. Ya pili naijaza kwa kuuliza mabibi, na kila bibi anayeniambia hakuna, nangoja amalize chai. Mara nyingi huwa yupo. Sijui meno ya kuzaliwa nayo ni mangapi katika Kwale, na sitawadanganya kwamba najua. Najua ni zaidi ya watatu. Mtakapoona wa kwanza wenu, mioyo itawadunda. Iacheni idunde, chungulieni vizuri, jino limeshika au halikushika, sindano amechomwa au hakuchomwa, nani yuko nyuma ya pazia. Kisha mwambieni mama yake, taratibu, kwamba si yeye peke yake.

Nina safu ya mwisho, ya gharama, kwa kuwa napenda mambo yafungwe. Mbuzi mweusi, elfu saba. Kuku wekundu wawili, elfu moja na mia sita. Kaniki, mia nne. Ada ya mganga, elfu tatu, Bi Mwanasha hakuwa amempelekea bado. Jumla elfu kumi na mbili. Kuku walirudi kwa mwenyewe na kaniki ikarudi dukani. Mbuzi hakurudi popote: Jumatatu iliyofuata alichinjwa kwa akika ya mtoto, Bi Mesalimu akapewa mguu mzima, na mimi nilikula mbavu, kwa hiyo kwa uaminifu lazima nimtoe katika hesabu. Zilizookolewa: shilingi elfu tano.